Robo ya sukari mjini, mfuko mzima kijijini

Swali la wiki liliuliza: je, vijana wanaotoka vijijini kuja kufanya kazi mjini wanaponzwa na kupenda vitu? Nauza vyombo na mabegi Kariakoo, na wateja wangu wengi ndio hao: walinzi, mabinti wa kazi, vibarua wa ujenzi, machinga. Nasema hapana.

Mchukueni mlinzi aliyepanga chumba Manzese. Mwaka mzima sukari ananunua robo, mafuta ya kula ya kupima, godoro liko chini. Ikifika Desemba anakuja kununua begi la shangazi kaja, na analijaza: sukari ya kilo tano, vitenge vya mama, madaftari ya wadogo zake, sufuria seti nzima. Kila sufuria anaipima uzito mkononi, anaigonga kwa kidole, anakagua mfuniko. Anachokula yeye mwenyewe hakichagui hivyo. Akitoka hapo anapita soko la Karume kutafuta shati zuri la mtumba la kusafiria.

Kuna wanaosema anajionyesha. Mimi naona anatetea nafasi yake. Dar ataitwa wa kuja hata akae miaka kumi, na kwao keshaitwa mtu wa Dar. Wachagga wakirudi kwao Kilimanjaro wakati wa Krismasi tunawatania kuwa wanakwenda kuhesabiwa, lakini nani kati yetu hataki kuhesabiwa kwao?

Simu nayo inasemwa sana, hasa hizi za mkopo zinazolipiwa kila siku. Lakini simu hiyo ndiyo benki yake, na ndiyo njia ya kumtumia mama pesa ya dawa. Tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021, ikikata wakati wa kutuma na wakati wa kutoa, walioumia ni watu wa namna hii. Hata ilipopunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo, kwa anayetuma kidogo kidogo kila wiki bado ilikuwa mzigo.

Kinachoniuma ni bati. Zamani mzazi akiezekewa bati la migongo midogo alishukuru. Sasa anataka Msauzi, la rangi, kwa kuwa jirani kaezekewa hivyo na mwanawe. Mashindano yako kijijini, anayelipa yuko mjini. Nawaona wanachukua mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, wiki mbili kabla ya safari, halafu Januari mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita. Wengine wanauza ile simu. Wengine hukaa miaka bila kwenda kabisa, wanaona haya kushuka kwenye basi mikono mitupu, na huko nyumbani wanaambiwa wamepotelea mjini.

Kwa hiyo swali hili wangeulizwa wazazi pia. Baba, mama, kabla hujamwagiza mtoto bati, muulize analala wapi na kodi yake inaisha mwezi gani. Na asipoleta kitu mwaka huu, mwambieni aje hivyohivyo.