Orr, Gretzky au Robinson: nani aliibeba timu zaidi?

SWALI: Kila tukitazama hoki ya barafuni hapa Edmonton nabishana na shemeji yangu. Mimi nasema Wayne Gretzky, nyota wa zamani wa timu yetu, hana mpinzani. Yeye ananionyesha orodha ya chanya na hasi, ambayo Larry Robinson ndiye kinara. Je, Robinson aliisaidia timu kuliko Gretzky?

JIBU: Orodha peke yake haithibitishi hilo. Hesabu yenyewe ni nyepesi: timu yako ikifunga ukiwa barafuni unapata moja, ikifungwa unapoteza moja. Bao lililofungwa na timu yenye watu wengi, kwa kuwa mpinzani ametolewa kwa adhabu, halihesabiwi kwa yeyote. Hapo tayari Gretzky amepunjwa: mabao yake 204 ya aina hiyo hayamo.

Robinson alimaliza na zaidi ya 700, ila kwa mechi 1,384, nyingi akiwa beki wa Montreal. Msimu wa 1976-77 alipata +120. Timu ile ilipoteza mechi 8 tu kati ya 80, ikafunga mabao 387 na kufungwa 171. Golini yupo Ken Dryden, mbele Guy Lafleur na Steve Shutt, nao wote wawili walipita +80. Kwa Montreal ile hata mbeba maji angetoka na chanya! Kinyume chake, Mario Lemieux msimu wake wa kwanza, 1984-85, alikusanya pointi 100 (mabao na pasi za mabao) akaishia -35, kwa sababu Pittsburgh ilikuwa inavuja kama pakacha.

Ndiyo maana mimi huuliza kwanza: alipokaa benchi, wenzake walifanyaje? Tuseme timu ina +40 kwa msimu, na mchezaji wako, anayecheza theluthi moja ya muda, ana +30. Wenzake wamebakiwa na +10 katika theluthi mbili zote. Huyo ndiye anayebeba timu. Angekuwa na +14 tu, anakwenda sawa na wenzake. Tatizo ni kwamba NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, ilianza kuweka rasmi dakika za kila mchezaji msimu wa 1997-98, kwa hiyo kwa hawa wa zamani inabidi tugawe kwa mechi.

Tukigawa hivyo, Robinson anapata kama 0.5 kwa mechi, Gretzky 0.35, na Bobby Orr wa Boston, mwenye rekodi ya msimu mmoja ya +124 mwaka 1970-71, anakaribia 0.9. Lakini Orr aliumia magoti akaishia mechi 657, kwa hiyo hakuwa na miaka mingi ya uzeeni ya kumshusha wastani. Gretzky alikuwa nayo. Mechi zake 696 za Edmonton zilimpa +551. Misimu 11 iliyofuata katika timu nyingine, badala ya kumwongezea, ilimpunguzia. Ukimpima kwa Edmonton tu, anafika kama 0.8.

Kwa hiyo mimi namweka Orr juu, Gretzky wa Edmonton akimfuata kwa karibu, kisha Robinson. Ila jiandae: shemeji yako akikumbuka kwamba Edmonton walitwaa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, mwaka 1990 bila Gretzky, ubishi utaanza upya.