Maswali ya Wasomaji: Siku 4 Mjini Busan

SWALI: Mhariri, mume wangu ametumwa na ofisi yake kwenye mkutano wa siku 4 mjini Busan, Korea Kusini, katika ukumbi wa BEXCO, nami nitafuatana naye. Tumeshauriwa kuchukua hoteli ufuoni Haeundae. Je, ushauri huo unafaa? Nami nikibaki peke yangu mchana, nitapata wapi vitambaa na vyombo vya nyumbani, na nitazame nini? Sisi ni Waislamu, na suala la chakula linanitia wasiwasi.
Msomaji, Pangani, Nairobi

JIBU: Dada yetu, kwa upande wa mumeo aliyewashauri hakukosea, kwa kuwa ufuo wa Haeundae, wenye mchanga wa takriban kilomita 1.5, hauko mbali na ukumbi huo, na kote kuwili hufikiwa kwa njia nambari 2 ya treni ya chini ya ardhi. Utakayeumia ni wewe. Masoko makongwe yako upande wa pili wa jiji, na ili kuyafikia ungelazimika kila asubuhi kubadilisha treni pale Seomyeon. Basi laleni papo hapo Seomyeon, njia nambari 1 na 2 zinapokutana, kila mmoja ashike treni yake. Mtaikosa bahari dirishani, ila miguu yako itanishukuru. Mnapoagiza chumba, hakikisheni kina kitanda, maana baadhi ya nyumba za wageni hutandika godoro jembamba sakafuni, na ingawa sakafu hupashwa moto kwa chini, mwenye mgongo mbovu hatafurahi.

Kwa vitambaa, teremka na njia nambari 1 vituo 2 tu hadi Beomil, kwenye Soko la Busanjin, ambako wenyeji hununua nguo na mapambo ya arusi. Vyombo utavipata zaidi katika soko la Gukje, mbele kidogo kwenye njia hiyo hiyo, lililokua wakati wa Vita vya Korea, watu waliokimbilia Busan walipouza chochote walichokuwa nacho. Jirani yake ni soko la Bupyeong, ambalo wengi bado huliita Kkangtong, yaani mkebe, kwa sababu ya vyakula vya mikebe vya jeshi la Marekani vilivyouzwa hapo. Mzoefu wa Gikomba hatajihisi mgeni. Duka kuu la Shinsegae, lililotambuliwa na kitabu cha rekodi cha Guinness mwaka 2009 kuwa kubwa kuliko yote duniani, liko karibu na mkutano wa mumeo, lakini mimi ningeliingia kutazama tu.

Ukiwa Gukje, vuka barabara uingie soko la samaki la Jagalchi. Akina mama wenye aproni za mpira na mabuti huketi nyuma ya mabeseni ya maji, pweza akijaribu kutoroka ukingoni. Ndani ya jengo unachagua samaki wako chini, kisha unapanda naye ghorofani kupikiwa kwa malipo. Hilo linapunguza wasiwasi wako, ingawa bado yafaa kuuliza kuhusu pombe ya kupikia. Neno la kukariri ni "dwaeji", yaani nguruwe, kwa kuwa wali katika supu ya nguruwe ni fahari ya Busan, na Seomyeon penyewe pana kichochoro kizima cha supu hiyo. Msikiti wa Al-Fatah, uliofunguliwa mwaka 1980, uko karibu na kituo cha Dusil, njia nambari 1.

Kuhusu matembezi, nenda Gamcheon, mtaa wa nyumba za rangi uliojengwa na wakimbizi mlimani; basi dogo hupanda kutoka kituo cha Toseong. Watu bado wanaishi humo, kwa hiyo usichungulie madirishani. Siku mumeo atakapopata nafasi, nendeni pamoja hekalu la Haedong Yonggungsa, ambalo mtalifikia kwa kushuka ngazi 108 hadi kwenye miamba inayopigwa na mawimbi.

Bebeni pia adapta, kwani plagi zetu za meno 3 bapa haziingii katika soketi za huko.