Kwa nini kiwango cha ozoni Marekani ni 70

Ndugu, umeuliza kama kikomo cha kisheria cha Marekani cha ozoni, gesi inayodhuru mapafu ikiwa kwenye hewa tunayovuta, yaani sehemu 70 kwa kila sehemu bilioni za hewa kwa wastani wa saa 8, kilikisiwa tu na wanasiasa. Hapana. Kina ushahidi nyuma yake, ingawa mimi naona bado kiko juu.

Ushahidi mzito unatokana na majaribio ya kwenye chumba maalumu. Vijana wenye afya njema waliojitolea huvuta ozoni iliyopimwa kwa saa 6.6 huku wakifanya mazoezi, kisha hupuliza kwenye kipimo cha mapafu. Kwenye sehemu 72 mapafu yalipungua nguvu na dalili kama kikohozi na maumivu ya kifua zikajitokeza. Hata kwenye 60 wapo ambao nguvu ya mapafu ilishuka. Na hao ni watu wazima wasio na ugonjwa! Kwa watoto wenye pumu, takwimu za hospitali ndizo zinazosema zaidi: ozoni ikipanda, wanaokimbizwa kutibiwa huongezeka.

Sheria ya Hewa Safi ya Marekani inataka afya ilindwe kwa akiba ya kutosha ya usalama, na mwaka 2001 Mahakama ya Juu iliamua kwamba gharama zisihesabiwe wakati wa kuweka kiwango. Hata hivyo, mwaka 2008 wanasayansi washauri walitaka kati ya 60 na 70, serikali ikaweka 75. Ilishuka hadi 70 mwaka 2015 tu.

Kuweka kiwango cha sifuri haiwezekani, kwa sababu ozoni nyingine ni ya asili.