Kuacha pombe peke yake hakukupi cheti

Dada, umeuliza kama miaka uliyokaa bila pombe inatosha kukupa kazi ya ushauri kwenye rihabu hapa Kenya. Inasaidia sana, ila haitoshi. Soma kwanza diploma ya ushauri nasaha, kisha mafunzo ya UTC, mtaala wa kutibu uraibu wa Colombo Plan (shirika la kimataifa), unaokuandaa kwa mtihani wa ICAP, cheti cha kimataifa cha wataalamu wa uraibu. Kabla hujalipa karo waulize NACADA, mamlaka ya serikali inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, maana vyeti vya wikendi vimejaa mjini. Kazi yenyewe lakini utaijulia kwenye mazoezi chini ya msimamizi: mtu anatetemeka kwa arosto (mateso ya kukosa kilevi) mbele yako, anakuapia hajagusa kitu tangu juzi, nawe usimkaripie wala usimwamini haraka. Hayo hakuna darasa linaloyamaliza.