Chaja ya kufunga ndani ya boti: maswali yenu na majibu

Nina boti ya faiba ya futi 18 hapa Mtera, betri ni N70 moja, inawasha mashine na taa za usiku. Duka moja lina chaja ya ampea 5, lingine ya ampea 30. Nichukue ipi?

Zote mbili ziache. Betri ya tindikali hutaka ampea zilizo kati ya sehemu ya kumi na sehemu ya tano ya ukubwa wake. N70 ni ya Ah 70 (ampea-saa, yaani ukubwa wa betri), kwa hiyo tafuta chaja ya ampea 7 hadi 14. Ya 10 inakutosha kabisa. Ile ya 5 haiui betri, ila ukirudi asubuhi umeshatumia nusu ya chaji, itachukua saa 8 hata 10 kuijaza, na umeme ukikatika katikati unarudi majini jioni na betri isiyojaa. Ya 30 inaichemsha: maji yanakauka na sahani za ndani zinapinda.

Kabla ya kulipa, geuza chaja usome kibandiko. Umeme wa kuingia uwe wa volti 220 hadi 240. Za mtumba kutoka Marekani nyingine ni za volti 120 tu, na ukiichomeka kwenye soketi ya kwetu inaungua hapo hapo.

Fundi wa gereji ananiuzia chaja yake kubwa ya magari. Naweza kuifunga kwenye boti?

Hapana. Haizuii maji, nyingi hazijikati betri ikijaa, na swichi zake hutoa cheche. Kwenye boti yenye petroli hilo halina mjadala. Nunua iliyofungwa kabisa, yenye alama ya IP67 (vumbi na maji haviingii), na inayochaji kwa hatua: inasukuma ampea zote hadi volti 14.4 hivi, inashikilia hapo ampea zikipungua, kisha inashuka hadi volti 13.5 kuitunza betri.

Chaja nimeshanunua, ya ampea 10. Niifunge wapi, na nyaya niziungeje?

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, basi twende taratibu. Ifunge pahali pakavu, juu kuliko maji yanayokusanyika chini ya boti, ikiwa imesimama wima, na uiachie nafasi ya sentimita 10 kila upande ipumue. Isikae juu ya betri moja kwa moja, maana mvuke wa tindikali utaila. Isikae chumba kimoja na tanki la petroli.

Usipige skrubu kwenye mwili wa boti. Kata kipande cha plaiwudi ya maji ya milimita 12, kipake rezini pande zote na hasa kingoni, kigandishe kwenye faiba, kikishakauka ndipo uifunge chaja hapo kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu, fupi kuliko unene wa mbao.

Waya wa kwenda kwenye betri uwe wa nyuzi nyingi, si ule mgumu wa kufungia nyumba. Mgumu hukatika kwa mtikisiko wa mashine. Kama chaja iko mita 2 kutoka kwenye betri, umeme unasafiri mita 4 kwenda na kurudi. Kwa ampea 10, waya wa 2.5 mm (milimita za mraba) unapoteza karibu volti 0.3, na chaja itadhani betri imekaribia kujaa wakati bado. Waya wa 6 mm unapoteza volti 0.1 tu. Tumia huo.

Fyuzi ya ampea 15 kwenye waya chanya iwekwe karibu na betri, isizidi sentimita 18, si karibu na chaja. Waya ukichubuka ukagusana na wa hasi, moto mkubwa hutoka kwenye betri, na fyuzi iliyo upande wa pili haiwezi kuuzuia. Baadhi ya chaja huja na fyuzi tayari kwenye waya. Angalia iko upande gani.

Unga chanya kwanza, kisha hasi, chaja ikiwa haijachomekwa. Upande wa soketi, hakikisha kuna ethi na breka ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30. Chaji boti ikiwa imevutwa nchi kavu. Chomeka upande wa boti kwanza na soketi ya ukutani mwisho. Wakati wa kutoa, anza na ukutani. Hivyo hutashika kamwe waya wenye moto karibu na maji. Na kifuniko cha chumba cha betri kiwe wazi: betri inapochaji hutoa haidrojeni, nayo ikifika asilimia 4 ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua.

Chaja ni nzuri lakini kila mwezi naongeza maji kwenye betri. Tatizo nini?

Joto. Volti 14.4 imepangwa kwa nyuzi joto 25. Mchana wa Oktoba au Novemba, ndani ya boti iliyofunikwa, betri hufika 35 kwa urahisi, na hapo inatosha volti 14.15 hivi. Ziada yote inageuka kuchemsha maji. Kwa mikoa yetu tunashauri chaja yenye waya wa kupima joto unaobandikwa kwenye betri, hata kama bei inapanda. Kama unayo isiyo nao, chaji usiku. Ongeza maji yaliyosafishwa tu, kamwe si tindikali.

Niko Hombolo. Taa ya chaja inakuwa kijani ndani ya nusu saa, lakini nikiwasha taa betri inaisha haraka.

Betri imechoka, chaja haina kosa. Ichaji, iache saa 6 bila kuwasha kitu, kisha ipime kwa mita. Ikisoma volti 12.6 au 12.7 halafu taa moja tu ikaishusha chini ya 12 kwa dakika chache, sahani zimeganda salfeti (ukoko mgumu unaozuia chaji) kwa kuachwa muda mrefu bila chaji. Badilisha.

Betri mbili, moja ya mashine na moja ya taa: chaja moja inatosha?

Ndiyo, ikiwa ni ya njia mbili. Kila njia iwe na fyuzi yake. Usichanganye betri ya maji na ya jeli isipokuwa kila njia inaweza kuchaguliwa aina yake peke yake.