Maswali na Majibu: Kuvuta Lori Zito la Jeshi Barabarani

Nimenunua lori kuukuu la jeshi, M35A2 la Marekani, liko Athi River na halina breki. Nataka lifike Kariobangi, Nairobi. Jirani ana Canter na kamba nene. Itatosha?

Haitatosha, tafadhali usijaribu. M35A2 tupu lina karibu tani 6. Canter tupu ni kama nusu ya hapo. Huenda ikalisogeza, lakini kazi kubwa ni kulisimamisha. Gari la tani 3 likivuta tani 6 zisizo na breki, breki zake zinabeba tani 9, na kwa nguvu ileile ya breki umbali wa kusimama unakuwa mara tatu. Kwenye mteremko, lori la nyuma hulisukuma gari la mbele ubavuni hadi likageuka barabarani.

Tafuta bredauni (lori la kuvuta magari mabovu) nzito kuliko lori lenyewe. Bredauni ya tani 12 ikivuta tani 6, umbali wa kusimama unaongezeka kwa nusu tu, na hilo dereva makini analimudu kwa kilomita 30 hadi 40 kwa saa.

Kamba nayo iache. Inalegea, kisha inakazika kwa kishindo na kung'oa ndoano. Tena kwenye foleni ya Barabara ya Outering, bodaboda huona nafasi kati ya magari mawili na kupenya bila kujua kuna kamba. Mtu hufa hapo. Tumia fremu ya A, yaani fito mbili za chuma zilizoungana kama herufi A, na uifunge kitambaa chekundu hata hivyo.

Fremu ya A inafungwa wapi?

Kwenye shakli (pingu za chuma zenye pini) mbili za mbele zilizoshikwa na chesisi, kamwe si kwenye bampa. Soma uzito uliochorwa kwenye shakli: ya milimita 19 hubeba tani 4.75, ya 22 hubeba 6.5, ya 25 hubeba 8.5. Isiyo na maandishi usiiamini. Pini iwe ya kiwandani na iwe na kipini cha kuizuia kutoka. Bolti ya kawaida iliyochomekwa badala yake hukatika, kwa sababu chuma chake ni laini.

Ongeza minyororo miwili ya milimita 13 ya daraja la 80 (chuma imara). Ipishanishe chini ya fremu, ili fremu ikichomoka idakwe kabla haijachimba lami. Iwe na ulegevu wa kutosha kukata kona, lakini isiburuzike.

Fundi mmoja anasema nitoe propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu), mwingine anasema niweke gia fri tu. Nimsikilize nani?

Kwa safari kama yako, wa kwanza. Gia ikiwa fri, magurudumu bado yanazungusha propela, na propela inazungusha shafti ya nyuma ya giaboksi. Injini imezima, kwa hiyo gia za chini zinazorusha oili juu zimesimama. Beringi zinazunguka kavu na kuungua. Kwenye giaboksi ya otomatiki hali ni mbaya zaidi, maana pampu ya oili huendeshwa na injini. Kuweka transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu kwa ekseli za mbele na nyuma) fri kunaiokoa giaboksi, ila transfa yenyewe inaendelea kuzunguka, na ya lori lililokaa miaka bila kuguswa huenda haina oili.

Lakini kabla hujagusa nati hata moja, weka kabari kubwa mbele na nyuma ya magurudumu. Breki ya mkono ya M35A2 iko nyuma ya transfa, inashika propela. Ukiitoa propela, hiyo breki haishiki tena gurudumu lolote, na fundi aliye chini ya lori ndiye wa kwanza kukanyagwa. Ukishaweka kabari, piga alama ya rangi kwenye flanji (sahani za kuungia) zote mbili ili propela irudi ilivyokuwa; ikirudi vingine itatetemeka.

Langu ni aina nyingine, lina breki za upepo na magurudumu ya nyuma yameshika kabisa. Nifanyeje?

Hizo ni breki za springi. Upepo ukiisha, springi inabana. Njia bora ni kuunganisha paipu za upepo za bredauni: nyekundu inafungua breki, ya njano inazikaza dereva anapokanyaga. Springi huachia presha ikifika karibu baa 4 hadi 5, na hapo lori linakuwa na breki zake, jambo lenye thamani kuliko yote kwenye safari hii.

Kama mfumo unavuja, weka kabari kwanza, kisha chukua bolti ndefu inayokaa ubavuni mwa chemba ya breki (kopo la chuma lenye springi). Iingize kwenye tundu la nyuma, izungushe robo mpaka ishike, halafu kaza nati kwa spana ya mkono hadi bolti itokeze kama sentimita 6. Fanya hivyo kwa kila chemba yenye springi. Bendi inayofunga nusu mbili za chemba usiifungue kabisa: springi ya ndani ikiruka inaua. Ukimaliza, lori halina breki hata kidogo, kwa hiyo usilitenganishe na bredauni penye mteremko.

Taa zake nyuma hazifanyi kazi.

Umeme wa M35A2 ni volti 24 na soketi yake ya pini 12 haiingiani na plagi za kiraia. Funga ubao wa taa wenye waya wake mpaka bredauni, na balbu zilingane na volti za bredauni.

Nitoke nalo Nakuru kupitia Mai Mahiu?

Kwa mlima ule, lipakie kwenye lobedi (trela la chini la kubebea mashine). Lifungwe minyororo minne au zaidi kutoka kwenye ekseli, na upime kimo cha mzigo wote kutoka ardhini: kikizidi mita 4.2, shusha turubai na vyuma vyake kabla ya kuondoka.