Karatasi hiyo usiitie saini

SWALI: Assalaam alaykum. Mwanangu wa miaka 9 kagongwa na gari ya abiria akitoka chuoni, hapa Chake Chake. Kavunjika mguu. Dereva kaja nyumbani na wazee wawili, kaleta shilingi 50,000 na karatasi nitie saini kuwa "tumeshayamaliza". Anasema mtoto ndiye aliyekatisha barabara. Nifanyeje?
Mama mtu, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu, na pole. Wazee wape chai, waheshimu, lakini karatasi iache mezani. Saini yako yaweza kukufungia mlango wa fidia kabla hujajua mguu utapona vipi. Na hiyo 50,000, nauli na dawa za wiki moja tu zishaimaliza.

Polisi mmeripoti? Kama bado, nendeni leo mkachukue PF3, fomu ya polisi ya aliyeumia, daktari aijaze. Andika namba ya gari na uulize bima yake. Kila gari sharti iwe na bima ya mtu wa tatu, na huyo mtu wa tatu hapa ndiye mwanao.

Hilo la "kakatisha" lisikutishe. Mtoto wa miaka 9 hapimwi kwa akili ya mtu mzima, na dereva anayepita karibu na chuo saa za kutoka watoto anatakiwa apunguze mwendo. Tajiri wa gari naye anadaiwa, kwani dereva alikuwa kazini kwake.

Dereva akitozwa faini, pesa hiyo ni ya serikali. Fidia yako ni dai jengine. Weka kila risiti, hata ya boti mkipelekwa Unguja.